Mazao ya Dawa na ya Biashara Katika Mashamba ya India



Katika jiko la watu wa pwani, na siku hizi hata katika majiko ya miji ya bara, hukosi kukuta iliki, manjano, pilipili manga na bizari. Wazee nao, ndani ya vikapu vyao vya dawa, huweka sanamaki, yale majani makavu yanayochemshwa ili kulifungua tumbo lililofunga. Vitu hivi vililetwa tangu zamani na majahazi yaliyokuja kwa upepo wa kaskazi kutoka India, na vingi vingali vinatoka huko. Kwa hiyo habari ya wakulima wa India si habari ya watu wa mbali sana. Hata upepo wa kusi, unaojulikana na kila nahodha wa Lamu na Mombasa, ndio huo huo unaovuka bahari na kupeleka mvua India katika mwezi wa Juni. Na mvua hiyo, kama itakavyoonekana, ina amri kubwa katika mambo haya.

Mazungumzo haya ni juu ya mazao ya kuuza, na hasa mazao ya kutengenezea dawa. Watu wengi wakisikia kwamba mmea fulani ni dawa, hudhani mara moja kwamba mwenye kuulima atatajirika, maana wagonjwa hawaishi duniani. Wakulima wa India wameyalima mazao ya namna hiyo kwa miaka mingi, wakaonja faida yake na hasara yake. Walichokiona ni kwamba nguvu ya dawa iliyomo ndani ya jani au mzizi haimlipi mkulima hata senti moja kwa peke yake. Mkulima hulipwa ikiwa zao lile lina nafasi yake katika mwaka wa kulima pasipo kukifukuza chakula chake, na ikiwa siku ya kuuza wako wanunuzi zaidi ya mmoja.

Yafaa kuanza na zao ambalo halikupandwa kwa ajili ya dawa, yaani nili, rangi ya buluu ya kutilia nguo. Katika wilaya ya Champaran, jimbo la Bihar, karibu na mpaka wa Nepal, ardhi nyingi ilikuwa chini ya mabwana wa Kizungu wenye viwanda vya nili. Mkulima aliyekodi ardhi kwao alilazimishwa kupanda nili katika sehemu tatu za kila sehemu ishirini za shamba lake. Sehemu moja huko huitwa katha, na kwa hiyo desturi hiyo iliitwa tinkathia, maana yake katha tatu. Mkulima hakuwa na hiari, wala hakuwa na neno katika kupanga bei. Tena aghalabu sehemu iliyochaguliwa kwa nili ndiyo iliyokuwa na udongo mzuri kuliko zote.

Mwaka 1897 kampuni ya Kijerumani iitwayo BASF ilianza kuuza nili iliyotengenezwa kiwandani, isiyotoka katika jani lo lote. Bei ya nili ya shamba ilianguka. Mtu angedhani kwamba watu wa Champaran walipumzika, kwa kuwa walikuwa wakilichukia zao lile. Lakini wenye viwanda wengi waliwaambia kwamba watafunguliwa katika sharti la nili iwapo watalipa kodi kubwa zaidi ya ardhi, au watatoa fedha taslimu. Hivyo nili iliwaumiza ilipokuwa na bei, na ilipopoteza bei ikawaumiza tena. Mwaka 1917 Mohandas Gandhi alikwenda Champaran kwa kuitwa na wakulima, akaandika pamoja na wenzake maelezo ya maelfu ya watu, na mwaka 1918 sheria ilitungwa ya kuiondoa tinkathia. Jina la kampuni ile ya Kijerumani na lisisahauliwe, maana litarudi katika habari hii.

Kutoka Champaran, mwenye kusafiri upande wa magharibi huingia jimbo la Uttar Pradesh, na karibu na mji wa Lucknow hufika wilaya iitwayo Barabanki. Humo, katika mwezi wa Mei na wa Juni, hewa ya vijijini hunukia nanaa. Si nanaa ile ya kutia katika chai, bali ni ndugu yake mwenye mafuta mengi. Na ndani ya mafuta hayo mna mentholi, kitu kinacholeta ubaridi katika dawa ya meno, katika peremende, na katika dawa ya kuchua kifua cha mtoto mwenye mafua.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mentholi ya dunia ilitoka Japani zaidi ya mahali pengine. Mmea huo uliletwa India katika miaka ya 1950, na mwaka 1959 serikali ya India ilianzisha taasisi ya kuchunguza mimea ya dawa, ambayo leo iko Lucknow na hujulikana kwa jina la CIMAP. Mabingwa wa taasisi hiyo walizalisha aina mpya za nanaa, wakaziita kwa majina ya mito na milima, kama vile Kosi na Himalaya, wakawagawia wakulima. Leo sehemu kubwa kabisa ya mentholi ya mimea inayouzwa duniani, nayo hukadiriwa kuwa karibu asilimia 80, hutoka India, na nyingi katika hiyo hutoka katika mashamba madogo ya Uttar Pradesh.

Kama mtu akiuliza kwa nini nanaa ilikubaliwa hapo, jawabu limo katika kalenda. Mkulima wa Barabanki hupanda mpunga mvua zikifika, mwezi wa Juni au wa Julai. Akiisha kuuvuna hupanda mazao ya majira ya baridi, kama ngano, viazi au haradali. Viazi na haradali hutoka shambani Februari na Machi. Ngano hutoka Aprili. Kutoka hapo mpaka mvua kurudi kuna miezi ya joto kali, na zamani katika miezi hiyo mashamba mengi yalikaa matupu. Nanaa iliingia katika nafasi hiyo. Hukaa ardhini kwa siku 100 hivi au zaidi kidogo, hukatwa kabla ya mvua, na mpunga hupandwa pale pale. Mgeni huyu alipewa chumba kilichokuwa hakilali mtu, na wenyeji hawakuhamishwa.

Jambo la pili ni kwamba mkulima hauzi majani, huuza mafuta, na mafuta huyatoa mwenyewe kijijini. Mtambo wake si wa ajabu. Ni pipa kubwa la chuma. Chini yake mna maji yanayochemka, na juu ya maji hushindiliwa majani ya nanaa yaliyoachwa yanyauke kidogo. Mvuke hupanda kati ya majani, ukayachukua mafuta pamoja nao, ukapita katika bomba lililozamishwa ndani ya tangi la maji baridi, na humo hugeuka kuwa maji tena. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea juu, yakaenguliwa. Majani yaliyokwisha kutumika huanikwa juani, yakawa kuni za kuchemshia mzigo mwingine. Asiye na mtambo huleta majani yake kwa jirani mwenye nao, akalipa ujira. Hekta moja yaweza kutoa kilo 100 za mafuta au zaidi. Mafuta hayo hutosha katika madebe machache, lakini majani yake mabichi yangalihitaji malori ya kuyabeba, nayo yangalioza njiani.

Tena mafuta yakifungwa vizuri katika chombo safi hukaa muda mrefu. Wakulima wengi huweka debe moja au mawili chumbani kama mtu awekavyo akiba benki, wakauza kidogo kidogo kwa karo ya shule, kwa arusi ya binti, kwa mbolea ya mpunga. Hapo ndipo nanaa inapoyashinda mazao mengi ya biashara. Mwenye nyanya hana budi kuuza leo, hata dalali akimtukana. Mwenye mafuta ya nanaa aweza kumwambia dalali arudi mwezi ujao.

Lakini yako mambo mawili mazito. La kwanza ni maji. Nanaa hukua wakati wa joto kali, nayo hunywa sana. Mkulima humwagilia mara nyingi kwa pampu ya kuvuta maji ya chini ya ardhi, na kila mara hulipa mafuta ya pampu au umeme. Mabingwa wa CIMAP walitafuta njia ya kupunguza gharama hiyo, wakawafundisha watu kuotesha miche kwanza kitaluni na kuihamisha juu ya matuta. Kwa njia hiyo nanaa hukaa shambani siku chache zaidi, maji hupita katika mifereji tu, na mkulima huwahi kukata kabla mvua haijamkuta. Mvua ikiwahi, majani hukaa ndani ya maji, mafuta hupungua, na kazi ya miezi mitatu huharibika.

La pili ni bei. Mwaka 2005 mafuta ya nanaa yaliingizwa katika soko la Mumbai la kununua na kuuza bidhaa za miezi ijayo, na watu ambao hawakuwahi kuliona shamba la nanaa wakawa wanayanunua na kuyauza kwa simu. Mwanzoni mwa 2012 bei ilipita rupia 2,000 kwa kilo. Kila mwenye kipande cha ardhi alitaka kupanda nanaa, wengine hata mahali palipostahili ngano. Kabla ya miaka miwili kupita, bei ilikuwa chini ya rupia 1,000. Waliokodi ardhi kwa bei ya juu na kukopa fedha za miche ndio walioumia zaidi.

Na katika mwaka huo huo wa 2012, huko Ludwigshafen, Ujerumani, kilifunguliwa kiwanda kikubwa cha kutengeneza mentholi pasipo jani la nanaa. Mwenye kiwanda ni BASF, ile ile iliyouza nili ya kiwandani mwaka 1897. Wajapani walikuwa wamekwisha kuitengeneza mentholi kwa ufundi tangu miaka ya 1980, kwa njia iliyovumbuliwa na mwanakemia Ryoji Noyori, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Watengenezaji wakubwa wa dawa ya meno na peremende sasa waweza kununua upande wo wote ulio rahisi, na bei ya Barabanki haiwezi tena kupanda mno kabla wanunuzi hawajageukia kiwanda.

Hata hivyo nanaa haikufa kama nili, wala wakulima wake hawakurudi katika hali ya watu wa Champaran. Hakuna mkataba unaowafunga. Mkulima asipoipenda bei, mwaka unaofuata hupanda choroko, au matikiti, au mahindi katika miezi ile ile, na hakuna bwana wa kumshtaki. Zao la siku 100 lina rehema hiyo, kwamba makosa ya mwaka mmoja hayavuki kuingia mwaka wa pili.

Kwinini ilikuwa na historia nyingine. Mti wake asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, na kuanzia mwaka 1860 serikali ya Kiingereza iliupanda India, katika milima ya Nilgiri upande wa kusini, na baadaye Mungpoo, karibu na Darjeeling. Mti huo ni wa kungojewa miaka mingi kabla haujachunwa gome, kwa hiyo haukuwa zao la mkulima mdogo. Ulikuwa shamba la serikali, na wenyeji walikuwa vibarua. Jambo jema lililofanywa ni kwamba kuanzia mwaka 1892 vipakiti vidogo vya kwinini viliuzwa katika nyumba za posta za Bengal, kwa sarafu ndogo iitwayo paisa, ili dawa ya homa imfikie hata mtu wa kijiji kisicho na daktari. Lakini Waholanzi katika kisiwa cha Java walipata mbegu bora zaidi, wakalishika soko la dunia, na baada ya Vita Kuu ya Pili dawa za kiwandani zikachukua nafasi kubwa ya kwinini yenyewe.

Liko zao moja la dawa huko India ambalo mkulima wake hana uhuru hata kidogo, nalo ni afyuni, ambayo wengine huiita kasumba. Hulimwa kwa leseni ya serikali katika wilaya za Mandsaur na Neemuch, jimbo la Madhya Pradesh, katika wilaya za jirani za Rajasthan, na katika sehemu chache za Uttar Pradesh. Ndani ya utomvu wake mna mofini, inayotuliza maumivu makali ya wagonjwa wa saratani na waliopasuliwa, na mna kodeini. Kila mwaka, kabla ya kupanda, serikali hutangaza masharti yake. Maofisa hulipima shamba, ambalo kwa mtu mmoja huwa ni sehemu ndogo tu ya hekta. Vichwa vya mmea vikikomaa, kama mwezi wa Februari na wa Machi, huchanjwa mchana kwa kisu chenye ncha kadhaa. Utomvu hutoka usiku, na asubuhi mapema hukwanguliwa na kuandikwa katika daftari. Wote ni wa serikali. Hupimwa mbele ya maofisa, kisha hupelekwa katika viwanda vya serikali vya Neemuch na Ghazipur. Na hicho cha Ghazipur kilianza mwaka 1820, siku za Kampuni ya Mashariki ya India, iliyokuwa ikiuza afyuni kwa Wachina, biashara ambayo haina cha kujivunia.

Mkulima asiyefikisha kiasi kilichowekwa aweza kunyimwa leseni mwaka ujao, na siku hizi huangaliwa mofini iliyomo, si uzito peke yake. Mvua ya mawe ya mwezi wa Machi yaweza kuvunja vichwa vyote kwa nusu saa. Kasuku nao wamejifunza kuvijia vichwa hivyo, na watu hushinda shambani wakigonga makopo ili kuwafukuza. Tena bei ya serikali ni ndogo, na mchuuzi wa magendo huja usiku na bei kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Lakini sheria ya mwaka 1985 inampa mkulima mwenye leseni anayeficha afyuni kifungo cha miaka 10 mpaka 20. Juu ya hayo yote, leseni hutamaniwa, hurithiwa na kugombaniwa. Sababu moja ni heshima ya kijiji. Sababu nyingine, iliyo ya maana zaidi, ni mbegu. Mbegu za mmea huo hazilevyi, hutumiwa katika mapishi, nazo ni mali ya mkulima mwenyewe, huziuza sokoni kwa bei ya wazi. Serikali huchukua utomvu, na mbegu ndizo zinazomjengea nyumba.

Sarpagandha ni mmea wa misitu. Ni mdogo, wa kimo cha goti, na waganga wa India waliutumia mzizi wake tangu kale kwa watu wenye wazimu na kwa wasiopata usingizi. Mwaka 1931 matabibu wawili, Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, waliandika kwamba mzizi huo hushusha shinikizo la damu. Mwaka 1949 Dkt. Rustom Jal Vakil wa Bombay alitangaza matokeo ya uganga wake katika jarida la Uingereza la magonjwa ya moyo. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, huko Uswisi, walitenga ndani ya mzizi kitu walichokiita reserpini. Hapo dunia nzima ikautaka mzizi wa sarpagandha.

Jani likichumwa, mti huchipua. Mzizi ukichimbwa, mmea umekufa. Watu maskini wa kando ya misitu walichimba walipopata, wakauza kwa wachuuzi kwa bei duni, na msitu ukapungukiwa hata mwaka 1990 sarpagandha ikaingizwa katika orodha ya CITES, mapatano ya mataifa ya kusimamia biashara ya mimea na wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Mtu angefikiri kwamba uhaba huo ungemletea neema mkulima apandaye sarpagandha shambani. Haikuwa hivyo kwa wengi. Mkulima hungoja mwaka mmoja na nusu mpaka miaka mitatu kabla ya kuchimba, akilipa mbegu, maji na palizi. Mchimbaji wa msituni hakulipa kitu ila jasho lake, na kwa hiyo aweza kuuza kwa bei ambayo mkulima hawezi kuikubali. Shida hii imo katika mimea mingi ya dawa ya India, kwa kuwa aina nyingi zinazouzwa hata leo hutoka msituni. Mwaka 2000 serikali iliunda halmashauri ya taifa ya mimea ya dawa, na msaada wake wa fedha kwa wanaopanda mimea hiyo umekusudiwa kupunguza tofauti hiyo ya bei. Umewafaa baadhi yao.

Karibu na wakati huo ilitokea habari ya safed musli, na hiyo yastahili kusikilizwa vizuri na kila mtu anayetafuta zao jipya. Musli ni mmea wenye mizizi myeupe minene, inayosifiwa kwa kuwapa watu nguvu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, makampuni mengi yalizunguka vijiji vya India ya kati yakieleza utajiri wa musli. Yaliuza mizizi ya kupandia kwa bei kubwa mno, yakiahidi kuyanunua mavuno. Waliopanda mwaka wa kwanza walipata faida kweli, lakini faida hiyo ilitoka kwa majirani walionunua mizizi yao ili kupanda mwaka wa pili. Hapakuwa na mgonjwa wala kiwanda katika biashara ile. Mkulima alimwuzia mkulima. Ilipofika zamu ya kuuza kwa watengenezaji dawa wenyewe, ambao lazima mizizi imenywe kwa mkono mmoja mmoja na kukaushwa, ilionekana kwamba watengenezaji hao hawahitaji hata sehemu ndogo ya mizigo iliyoletwa. Makampuni mengine hayakuonekana tena. Waliobaki na deni ni wale waliokuwa wameweka ardhi rehani.

Ndiyo maana wakulima wenye busara wa India, wakiletewa habari za zao jipya, huuliza kwanza linauzwa wapi, na nani alinunua mwaka jana. Sanamaki haina shida ya kulijibu swali hilo. Katika wilaya ya Tirunelveli, kusini kabisa ya nchi, imelimwa tangu zaidi ya miaka 200 iliyopita katika udongo mwekundu uliochoka, ambao mazao mengine huudharau. Mbegu ililetwa kutoka Uarabuni, na jina lenyewe lasema hivyo, kwa kuwa ni sana ya Makka. Majani huchumwa na kuanikwa kivulini, maana jua kali huyaharibu rangi, na mnunuzi hutazama rangi kwanza. Kisha hufungwa marobota na kupelekwa bandari ya Thoothukudi iliyo karibu. Haimtajirishi mtu. Lakini hakuna mtu wa Tirunelveli aliyepata kuuza ng'ombe wake ili anunue mbegu ya sanamaki.

Zao lililofanikiwa zaidi katika ardhi ya ukame ni isabgoli. Hulimwa Gujarat ya kaskazini, katika jimbo walikotoka mababu wa wengi wa wafanya biashara wa Kihindi wa Afrika ya Mashariki, na katika Rajasthan ya jirani. Ni mmea mfupi wenye masuke madogo, na mbegu yake ni nyepesi hata huchanganywa na mchanga ili isirushwe mahali pamoja wakati wa kupanda. Hupandwa Novemba, baada ya mvua kwisha, katika udongo wa kichanga. Hutaka baridi, hewa kavu, na maji ya kumwagilia mara chache tu. Mbegu ina ganda jembamba jeupe, ambalo ni kama robo ya uzito wake, na thamani yote imo katika ganda hilo. Likitiwa majini hufura na kuwa kama uji mzito. Kwa sababu hiyo mwenye tumbo lililofunga hulinywa pamoja na maji mengi, likamsaidia pasipo kumkata tumbo kama sanamaki. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliruhusu vyakula vyenye ganda hilo viandikwe kwamba, pamoja na ulaji mzuri, huweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Marekani ndiyo mnunuzi mkubwa.

Mbegu hupelekwa Unjha, mji mdogo wa Gujarat wenye soko kubwa la bizari na isabgoli. Hapo kila mkulima humwaga mzigo wake chini, mbele ya watu, na wanunuzi wengi hushindana kwa mnada. Viwanda vimejengwa hapo hapo na katika mji wa Sidhpur ulio karibu. Mawe husaga kwa wepesi ili ganda litoke pasipo kuivunja mbegu, upepo wa mashine hulitenga, na mbegu iliyobaki huwa chakula cha mifugo. Kwa kuwa wanunuzi ni wengi na viwanda viko karibu, dalali hawezi kumficha mkulima bei ya siku.

Kitu ambacho soko haliwezi kumkinga nacho ni mvua. Lile lile ganda linalofura ndani ya tumbo la mgonjwa hufura pia shambani. Suke likisha kukauka, kati ya Februari na Aprili, manyunyu ya saa moja hutosha kuzipasua mbegu zitoke na kuanguka chini, na mbegu iliyoanguka juu ya mchanga haikusanyiki. Kwa ajili hiyo mavuno hufanywa asubuhi mapema, mmea ungali na unyevu kidogo wa usiku, ili mbegu zisipukutike mkononi. Katika majuma hayo watu wa Gujarat ya kaskazini hawasafiri, hawafanyi arusi wakiweza kuikwepa, na huamka usiku kutazama mbingu. Ikinyesha, wengine hupoteza karibu yote waliyolima tangu Novemba.

Mwaka ambao mawingu yamepita pasipo kunyesha, barabara ya Unjha hujaa matrekta ya magunia tangu alfajiri. Wanunuzi hutembea kutoka chungu hadi chungu, wakachota mbegu katika kiganja, wakazipuliza, wakazigeuza kuelekea mwanga. Zilizolowa, hata kama zimekaushwa vizuri namna gani, hujulikana mara moja kwa rangi yake.